Hoteli ya Mlima Ještěd: Nyumba ya Wageni na Mnara wa Televisheni Katika Umbo Moja

Serikali za kikomunisti zilizotawala mashariki mwa Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilijenga hoteli nyingi, na zile zilizopata sifa kubwa zilisimamishwa katika miji mikuu au kwenye fukwe za bahari, zikiwa na mamia ya vyumba, ili kuvuna fedha za kigeni kutoka kwa wageni wa Magharibi na kuwaonesha kwamba nchi za kijamaa nazo zinaujua ukarimu. Hoteli iliyoko kwenye kilele cha mlima Ještěd, juu ya mji wa Liberec kaskazini mwa nchi ambayo leo inaitwa Jamhuri ya Cheki, haimo katika kundi hilo. Imejengwa mkoani, mbali na mji mkuu wa Praha. Vyumba vyake ni vichache, na mwili wake ni uleule wa mnara wa kurushia matangazo ya televisheni. Pamoja na hayo, ni vigumu kutaja jengo lingine la enzi ile ambalo wananchi wa nchi hiyo, wakiwamo wale walioupinga ukomunisti kwa nguvu zao zote, wamelipenda kiasi hicho. Jengo hili lilizaliwa kwa uamuzi wa mtu mmoja kuunganisha mambo mawili ambayo waliomtuma kazi waliyataka yawe mbalimbali, na masaibu yaliyolipata miongo miwili baada ya kufunguliwa yalitokana na watu waliotenganisha tena kile alichokuwa amekiunganisha.

Liberec ni mji wa viwanda wenye wakazi wapatao laki moja, ulioko karibu sana na mipaka ya Ujerumani na Poland, na utajiri wake wa karne ya 19 ulitoka katika ufumaji wa vitambaa, hasa vya sufu. Hadi mwaka 1945 wakazi wake wengi walikuwa wasemaji wa Kijerumani walioujua mji wao kwa jina la Reichenberg, na mlima wao waliuita Jeschken. Baada ya vita wasemaji hao walifukuzwa nchini na nafasi zao zikachukuliwa na Wacheki waliohamia kutoka sehemu nyingine, kiasi kwamba mji mzima ulilazimika kujifunza upya kuyaita mazingira yake nyumbani. Mlima Ještěd, wenye kimo cha mita 1,012 juu ya usawa wa bahari, ulikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo wahamiaji hao wapya walivirithi kutoka kwa watangulizi wao bila mzozo, kwa sababu unaonekana kutoka karibu kila mtaa. Chama cha wapanda milima cha Wajerumani kilikuwa kimejenga nyumba kubwa ya wageni kileleni na kuifungua mwaka 1907, na mwaka 1933 ikaongezwa njia ya gari la waya, yaani vibanda vya abiria vinavyoning'inia kwenye nyaya nene za chuma na kuvutwa kupanda na kushuka mlimani. Mwezi Januari 1963 nyumba ile iliteketea kwa moto.

Moto huo uliwakuta watawala wakiwa na shida ya aina mbili mahali pamoja. Televisheni ilikuwa imeanza kuenea Chekoslovakia, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati ule, tangu miaka ya 1950, na kilele cha Ještěd kilikuwa tayari kikitumika kurushia mawimbi, lakini kwa mitambo midogo isiyotosha. Hivyo idara ya serikali iliyosimamia mawasiliano ya redio ilihitaji mnara wa kudumu. Upande wa pili, wapanda milima, watelezaji theluji na wakazi wa Liberec walioizoea nyumba ya kileleni walihitaji mahali pa kula na kulala. Katika uchumi wa mpango, ambamo kila idara ilikuwa na bajeti yake, maelekezo yake na wakaguzi wake, jambo la kawaida kabisa lilikuwa kujenga majengo mawili yaliyosimama jirani: hoteli huku, mnara kule. Hivyo ndivyo maelekezo ya kazi yalivyosema.

Kazi ya kusanifu ilipelekwa Stavoprojekt, ofisi ya serikali ya usanifu mjini Liberec. Baada ya Chama cha Kikomunisti kutwaa madaraka mwaka 1948, ofisi binafsi za wasanifu majengo zilivunjwa nchini kote, na wasanifu wakawa waajiriwa wa mashirika makubwa ya umma yaliyopimwa kwa wingi wa michoro na mita za mraba kuliko kwa ubora. Kwa bahati njema ofisi ya Liberec, pengine kwa kuwa mbali na macho ya Praha, ilikuwa na watu wenye kujiamini, na kati yao alikuwemo Karel Hubáček, aliyezaliwa mwaka 1924. Wasanifu wa ofisi hiyo walitakiwa kuleta mapendekezo yao ili yashindanishwe. Wengine walitii maelekezo na kuchora majengo mawili. Hubáček alileta jengo moja. Kwa kanuni za mashindano pendekezo lake lilistahili kutupwa, maana halikujibu swali lililoulizwa, lakini walioamua walikuwa na busara ya kutambua kwamba lilikuwa limejibu swali lililo bora zaidi, nalo ndilo: mlima huu unahitaji nini?

Umbo alilolichagua huitwa na wanahisabati haipaboloidi. Kwa maelezo mepesi, ni umbo linalopatikana pale mstari wa kujipinda unapozungushwa kuuzunguka mhimili ulio wima: chini ni pana, kisha unapopanda linabana kwa kasi na baadaye polepole, hadi ubavu wake unakaribia kusimama wima kabisa. Mhandisi Mrusi Vladimir Shukhov alikuwa ameonesha faida za umbo la jamii hiyo tangu mwaka 1896 kwa minara ya vyuma, lakini kwake lilikuwa mfupa mtupu, pasipo nyama. Hubáček alilivika ngozi na kuliwekea watu ndani. Sehemu ya chini iliyo pana ilitosha kubeba ukumbi wa kuingilia, mkahawa na vyumba vya wageni. Sehemu ya kati iliyobana ikapewa mitambo ya mawasiliano. Na ncha nyembamba ikawa mlingoti wa televisheni. Hakuna mahali ambapo mtu anaweza kuweka kidole na kusema hoteli imeishia hapa na mnara umeanzia pale. Zaidi ya hayo, mbavu za jengo zinaendeleza mteremko wa mlima wenyewe, kiasi kwamba kwa anayetazama kutoka mjini jengo hili lenye urefu wa takriban mita 94 ni kama mlima uliokamilishwa. Wapo wasanifu wa karne ya 20 waliojenga vilele virefu zaidi na vya gharama kubwa zaidi. Waliofaulu kuujengea mlima bila kuutweza ni wachache mno.

Uzuri huo usingekuwa na maana kama jengo lisingesimama, na kusimama kileleni Ještěd si jambo dogo. Upepo wa majira ya baridi huvuma kwa nguvu za dhoruba, na ukungu wenye baridi kali huganda juu ya kila kitu unachokigusa hadi kujenga matabaka mazito ya barafu yenye uwezo wa kuvunja matawi ya miti na kuangusha nguzo. Antena zilizoachwa wazi katika hali hiyo hulemewa na barafu, huyumba na kupoteza mwelekeo, na kwa mawasiliano ya mawimbi mafupi sana, yanayosafiri kwa mstari ulionyooka kutoka mnara mmoja hadi mwingine, kuyumba kidogo tu kunatosha kukata matangazo. Ndiyo maana plani ya jengo ni mviringo, ambao upepo huupita pande zote bila kukuta ukuta bapa wa kuusukuma. Ndiyo maana pia antena hazikuning'inizwa nje, bali zilifichwa ndani ya ganda. Ganda hilo halikuweza kuwa la chuma au alumini kila mahali, kwa sababu metali huzuia mawimbi. Kwa hiyo sehemu ya chini ilifunikwa kwa bamba za alumini, na sehemu zinazozifunika antena zikatengenezwa kwa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ambayo hupitisha mawimbi bila kuyadhoofisha sana na huku ikiikinga mitambo dhidi ya barafu. Nyenzo hiyo ilikuwa bado ngeni katika ujenzi wa nchi hiyo miaka ile.

Ndani ya ngozi hiyo limo tumbo gumu la zege la nondo, yaani zege lenye fito za chuma ndani yake, lililojengwa kama mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kuzungukwa na sakafu za mviringo; juu yake unapanda mrija wa chuma unaobeba antena. Hesabu za uimara zilifanywa na mhandisi Zdeněk Patrman, ambaye jina lake halitajwi mara nyingi kama inavyostahili. Patrman alitambua kwamba mlingoti mrefu na mwembamba kiasi hicho ungeweza kuingia katika mtikisiko unaojiongeza wenyewe, pale misukumo ya upepo inapofuatana kwa mwendo uleule wa kuyumba kwa mlingoti, na akabuni kizuizi chake: uzito ulioning'inizwa ndani ya sehemu ya juu, ambao mlingoti unapoegemea upande mmoja wenyewe huchelewa na kuvuta upande wa pili, hivyo kuimeza nguvu ya mtikisiko kabla haijawa hatari. Mbinu ya namna hiyo sasa hutumika katika majengo marefu mengi duniani, lakini miaka ya 1960, katika ofisi ya serikali ya mkoa, pasipo kompyuta za leo, ilikuwa kazi ya kichwa kilichotulia.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 30 Julai 1966, na ujenzi ulichukua miaka saba. Katikati ya miaka hiyo historia ya nchi iligeuka. Mwaka 1968 uongozi mpya wa chama chini ya Alexander Dubček ulijaribu kulegeza udhibiti wa habari na siasa, na usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti majeshi ya Mkataba wa Warsaw, umoja wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovieti, yalivuka mipaka kulizima jaribio hilo. Liberec, kwa kuwa jirani wa mpaka, ulikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kufikiwa. Watu tisa walipoteza maisha mjini humo kwa risasi na kwa vifaru, kimojawapo kikiwa kimegonga na kubomoa baraza la jengo katika uwanja mkuu. Mwandishi wa tamthilia Václav Havel, ambaye miaka 21 baadaye angekuwa rais, alikuwa mjini humo pamoja na mwigizaji Jan Tříska, na kwa siku kadhaa wawili hao walitumia studio ya Liberec kuwatangazia wananchi, Havel akiandika na Tříska akisoma. Kwa muda mfupi vyombo vya utangazaji vilivyojengwa ili serikali izungumze na watu vikageuka kuwa vyombo vya watu kuzungumza wao kwa wao, na historia ya mnara uliokuwa ukiinuka mlimani haiwezi kusomwa bila kukumbuka siku hizo.

Mwaka 1969, jengo likiwa bado halijakamilika, Umoja wa Kimataifa wa Wasanifu Majengo ulimpa Hubáček Tuzo ya Perret, iliyopewa jina la Mfaransa Auguste Perret, mmoja wa waasisi wa matumizi ya zege la nondo katika usanifu, ambayo hutolewa kwa ubunifu wa kiufundi. Heshima hiyo ilikuja wakati ambapo nyumbani milango ilikuwa ikifungwa. Hubáček na wenzake walikuwa wamejitenga na ofisi ya serikali mwaka 1968 na kuunda umoja wao wa wahandisi na wasanifu, uliojulikana kwa kifupi cha SIAL, ambao chini ya msanifu Miroslav Masák ulianzisha pia shule ndogo ya wasanifu vijana katika nyumba ya wageni ya zamani iitwayo Jedlová, ambako waliishi, wakafanya kazi na kubishana pamoja. Katika kipindi ambacho watawala wapya walikiita cha kurejesha hali ya kawaida, yaani miaka ya kuwaondoa wanamageuzi katika kazi na nyadhifa zao, SIAL ilirudishwa kwa nguvu chini ya Stavoprojekt. Shule iliendelea hata hivyo, na waliopitia humo wakawa miongoni mwa wasanifu wakubwa wa nchi hiyo. Hoteli yenyewe, iliyobuniwa wakati wa matumaini, ilifunguliwa tarehe 21 Septemba 1973, wakati wa ukimya.

Aliyeingia siku zile alikutana na ulimwengu uliofikiriwa wote kwa pamoja. Usanifu wa ndani ulikuwa kazi ya Otakar Binar, ambaye alikataa kuijaza nyumba ya mviringo samani za mstatili zilizotengenezwa kiwandani kwa ajili ya hoteli yoyote ile. Viti, makochi, taa, vitanda na vitambaa vilibuniwa kwa ajili ya jengo hili peke yake, vikifuata mikunjo ya kuta na kuzungumza lugha ya zama za safari za anga za juu, zama ambazo binadamu alikuwa ametoka kukanyaga mwezi na ambazo nchi za pande zote mbili za mgawanyiko wa dunia ziliamini kwamba maisha ya kesho yatakuwa ya duara, mepesi na yenye kung'aa. Mkahawa ulipangwa kuzunguka kiini cha jengo, ili kila meza ipate dirisha na mandhari, ambayo siku ya anga safi hufika Ujerumani na Poland. Mpanda mlima aliyelowa theluji naye hakusahauliwa, kwani palikuwa na sehemu ya chini ya kupata supu na kinywaji cha moto pasipo kulazimika kuketi mkahawani.

Kaskazini mwa Bohemia, eneo ambamo Liberec upo, ni nchi ya kioo, na ingekuwa aibu kama hoteli hiyo isingekuwa na kioo cha kufanana nayo. Wasanii wa kioo Stanislav Libenský na mkewe Jaroslava Brychtová, ambao kazi zao zilikuwa zimeonwa na dunia katika maonesho ya kimataifa ya Brussels mwaka 1958 na Montreal mwaka 1967, walitengeneza vipande vya kioo vilivyopachikwa katika ukuta wa zege wa kiini cha jengo, kana kwamba ni vimondo vilivyoanguka kutoka angani na kunasa humo. Mbinu yao ni ile ya kuyeyushia kioo ndani ya kalibu: vipande vya kioo hupangwa katika kalibu, hutiwa tanuruni hadi vikayeyuka na kuijaza, kisha hupozwa taratibu mno, kazi inayoweza kuchukua majuma, kwa sababu kioo kinene kikipoa haraka hupasuka. Matokeo yake ni kioo chenye kina, ambacho mwanga huingia na kuchelewa kutoka. Kuviweka vipande hivyo ndani ya zege tupu, badala ya kuvitundika juu yake kama pambo, kulikuwa ni kurudia kwa kipimo kidogo uamuzi uleule uliounganisha hoteli na mnara.

Mapinduzi ya amani ya Novemba 1989 yaliiondoa serikali ya kikomunisti bila kuligusa jengo, lakini miaka iliyofuata haikuwa na huruma kwa vilivyomo. Mnara wa matangazo ulikuwa na thamani ya wazi ya kibiashara na ulitunzwa. Hoteli na mkahawa viliendeshwa kwa hesabu nyingine, na samani za Binar zilionekana kuwa mali chakavu ya utawala ulioanguka. Nyingi ziliondolewa, zikatawanyika au kupotea, na mahali pake pakawekwa viti na meza za aina inayopatikana katika mkahawa wowote. Hapa pana jambo la kusikitisha kwa kweli, kwa sababu waliofanya hivyo hawakukusudia kuharibu. Walichukulia tu kwamba jengo ni kuta, na kiti ni kiti. Hubáček na Binar walikuwa wametumia miaka kuthibitisha kinyume chake.

Waliosimama kulitetea hawakuwa maofisa wa serikali. Wapenzi wa jengo waliunda jumuiya ya kiraia iliyojiita Ještěd 73, kwa kuukumbuka mwaka wa kufunguliwa, na kazi yake ikawa kukusanya kumbukumbu na kupigania mwonekano wa awali urejeshwe. Mpigapicha Jiří Jiroutek alilipiga jengo picha kwa miaka katika kila hali ya hewa na kuchapisha kitabu chake mwaka 2005, na mwaka uliofuata mwandishi Jaroslav Rudiš, katika riwaya yake *Grandhotel*, iliyotengenezewa pia filamu na David Ondříček, aliifanya hoteli hii kuwa makao ya mhusika wake mkuu. Picha na riwaya zilifanya kile ambacho ripoti za wataalamu haziwezi: zilikirudishia kizazi kilichokua baada ya ukomunisti haki ya kulipenda jengo la ukomunisti bila kuuona upendo huo kama utetezi wa utawala. Wataalamu nao hawakukaa kimya, kwani katika kura yao ya mwaka 2000 jengo lilichaguliwa kuwa bora kuliko yote ya karne ya 20 nchini humo. Tangu mwaka 1998 lilikuwa limelindwa kisheria kama kumbukumbu ya utamaduni, mwaka 2006 likapandishwa kuwa kumbukumbu ya taifa, ngazi ya juu kabisa ya ulinzi katika nchi hiyo, na mwaka 2007 likaingizwa katika orodha ya awali ya mapendekezo ya urithi wa dunia inayotunzwa na UNESCO. Hubáček alifariki mwaka 2011, akiwa ameyashuhudia yote hayo.

Ulinzi wa kisheria, hata hivyo, hushika vizuri kilichobaki kuliko kilichoondoka. Zege, alumini na kioo cha Libenský na Brychtová vilibaki mahali pake kwa sababu visingeng'oka kwa urahisi. Kiti kilichobebwa na kuuzwa hakirudishwi na tangazo la gazeti la serikali. Njia iliyopo ni kukitafuta kilichosalia mikononi mwa watu na kutengeneza upya kilichopotea kwa kufuata michoro na picha, na wapo wanaouliza kama kiti kilichotengenezwa leo kwa mchoro wa 1973 ni cha kweli. Swali hilo lina uzito kwa mchoro wa mkono wa mchoraji au kwa kinyago kimoja kisicho na kifani, lakini kwa samani ambazo tangu mwanzo zilichorwa na mtu mmoja ili zitengenezwe na mafundi wengine, uzito wake ni mdogo. Ukumbi wa mviringo wenye viti vya mviringo vilivyofanyizwa upya uko karibu zaidi na kazi ya Binar kuliko ukumbi uleule wenye viti vya asili vya mahali pengine.

Kiungo kingine cha hoteli kilikatika tarehe 31 Oktoba 2021, pale waya uliokuwa ukivuta gari la waya la mwaka 1933 ulipokatika na kibanda kimojawapo kuanguka, na mhudumu aliyekuwa ndani yake akapoteza maisha. Huduma ilisimama, na hoteli ambayo kwa miaka karibu hamsini ilikuwa ikifikiwa kwa dakika chache kutoka pembezoni mwa mji ikawa ya kufikiwa kwa barabara au kwa miguu tu. Njia mpya haiwezi kuwa suala la usalama na nauli peke yake, kwa kuwa nguzo zake na kituo chake cha juu vitasimama kwenye mteremko uleule ambao mbavu za jengo zinauendeleza, na mchoro wowote utakaofanywa kwa ajili ya abiria bila kuutazama mlima utakuwa umerudia yale maelekezo ya mwaka 1963 yaliyotaka hoteli huku na mnara kule.